Kadeti si kadogo: sare, bunduki na umri wa mtoto

Vijana wakipita Nyawera, hapa Bukavu, katika mistari, kitambaa shingoni, ngoma mbele, mguu wa kushoto ukigonga lami kwa pamoja, mabishano huanza kando ya barabara kabla mstari wa mwisho haujapita. Mmoja atasema hao ni kadogo, watoto askari. Mwingine atamcheka: hao ni wa Xaveri, chama cha vijana Wakatoliki, wanatoka misa. Wa tatu, aliyesikia redioni habari za jeshi la akiba na za makundi yenye silaha yanayoitwa wazalendo, atauliza kama siku hizi watoto wanaandikishwa mchana kweupe. Mama mwenye mtoto wa miaka 14 hana haja na ubishi huo. Anachotaka kujua ni kimoja: mwanawe akijiunga na kundi lenye sare na filimbi, ameenda kwenye malezi au kwenye vita?

Jibu lipo, ila limefunikwa na maneno mengi yaliyopita katika mji huu wa Bukavu na majirani zake: jeunesse, JMPR, CADER, kadogo, service national, réserve. Kila neno lilikuja na sare yake, na sare zimewachanganya watu kuliko maneno yenyewe.

Wadogo wawili

Kadeti ni neno la Kifaransa, na maana yake ya kwanza haina jeshi ndani yake. Cadet ni mdogo wa kuzaliwa. Hapa Bukavu tunalitumia hivyo kila siku; mtu akisema "huyu ni kade yangu" anakujulisha mdogo wake, si askari. Lilifika jeshini kwa sababu ya urithi. Katika familia za mabwana wa Ufaransa ya zamani, mtoto wa kwanza alirithi mashamba na nyumba, na wadogo zake walitumwa jeshini kutafuta cheo. Mdogo akawa mwanafunzi wa uofisa, na jina likabaki.

Kadogo nalo ni mdogo, kwa Kiswahili chetu chenye ka- ya kupunguza: katoto, kanyumba, kadogo. Uganda walilitumia kabla yetu. Katika jeshi la waasi wa Museveni lililoingia Kampala mwezi wa kwanza 1986 kulikuwa na watoto walioitwa hivyo hivyo. Huku kwetu lilikuja kuwa jina la kizazi kizima miaka 10 baadaye.

Kwa hiyo tuna maneno mawili yenye maana moja, na kati yake kuna shimo. Kadeti anafundishwa kwanza, na bunduki itakuja baadaye, ikija. Kadogo anapewa bunduki, au sufuria ya kamanda, au mzigo wa risasi, na mafunzo yatakuja baadaye, yakija.

Tazama garaji. Kijana anayejifunza ufundi anaanza kwa kuosha vipuri, anashika tochi, anampa fundi spana, na mwaka wa pili labda ataruhusiwa kufungua gurudumu. Sasa mchukue kijana wa umri huo huo, mweke kwenye usukani wa lori lililopakia saruji, mwache ashuke mteremko wa Ngomo usiku. Wote wawili utawaita watu wa magari. Hakuna mzazi atakayekuambia ni kazi moja.

Sheria ya kimataifa inaliona shimo hilo. Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu watoto katika vita, iliyopitishwa tarehe 25 mwezi wa tano 2000, inakataza mtu wa chini ya miaka 18 kulazimishwa kuingia jeshini au kupelekwa vitani. Nchi inayopokea wanajeshi wa kujitolea lazima ipandishe umri juu ya miaka 15, isipokuwa kwa shule zinazoendeshwa na jeshi. Ndiyo maana shule za kadeti ni halali katika nchi nyingi. Saint-Louis ya Senegal imekuwa na yake tangu 1923, na ng'ambo ya mto Kongo, Brazzaville, ipo ya jina la Général Leclerc. Mtoto anaingia kwa mtihani, anavaa sare, anaamka kwa tarumbeta, anajifunza hesabu na Kifaransa kama wenzake wa mjini, na akimaliza anaweza kuchagua kuwa daktari. Sare ni ya shule. Vita ikianza, darasa halipelekwi.

Hayo yanatupa maswali manne ya kumuuliza yeyote anayekuja kuwachukua vijana. Nani anatoa amri, mwalimu au kamanda wa kikosi? Kuna silaha ya kweli? Umri unaangaliwaje wakati wa kupokea? Na la nne, ambalo mimi nalitanguliza kuliko yote: mtoto akisema leo amechoka, anataka kurudi nyumbani, je, atarudi? Mtoto wa Xaveri akichoka anabaki kitandani Jumapili. Kadogo akichoka anaitwa mtoro, na mtoro ana adhabu.

Walioleta desturi ya kulea askari

Watu hupenda kusema kwamba watoto askari waliletwa na vita vya 1996. Desturi ni ya zamani zaidi, na ilianza kwa maandishi ya serikali. Mwaka 1890 mfalme Leopold wa Pili alimwandikia mkuu wa serikali yake ya Kongo kwamba yafunguliwe makao matatu ya watoto, na akasema wazi kusudi lake: zaidi ya yote, yampatie askari. Amri ya tarehe 12 mwezi wa saba mwaka huo huo iliweka watoto yatima, walioachwa na waliokombolewa utumwani chini ya ulezi wa serikali. Makao yalifunguliwa Boma na Nouvelle-Anvers. Kwenye karatasi ilikuwa huruma. Mtoto hakuwa na njia ya kukataa huruma hiyo, na wengi walikufa kwa magonjwa na kwa safari ya kufikishwa huko.

Upande wetu wa mashariki, ukingoni mwa Tanganyika, Mapadri Weupe walikuwa na misheni ya Mpala, na pamoja nao Kapteni Léopold Joubert, askari wa zamani wa Papa, aliyekusanya waongofu akawapa bunduki walinde misheni dhidi ya wafanyabiashara wa watumwa. Ukitumia maswali yetu manne, hata watu wema hawapiti yote.

Force Publique, jeshi la mkoloni, liliendelea kulea askari kwa miaka 75 bila kulea ofisa. Hapa ndipo neno kadeti lingepaswa kuingia katika historia yetu, na halikuingia. Kambi Saio ya hapa Bukavu ina jina la mji wa Ethiopia ambako askari Wakongomani waliwashinda Waitaliano mwaka 1941. Walipigana vizuri, wakarudi, wakabaki masajenti. Ilipofika siku ya uhuru, tarehe 30 mwezi wa sita 1960, jeshi lilikuwa na watu wapatao 25,000 na maofisa kama 1,000, wote Wazungu. Mkongomani wa cheo cha juu kabisa alikuwa ajuda, cheo cha chini ya ofisa. Siku tano baadaye Jenerali Janssens, mkuu wa jeshi hilo, aliwaandikia askari wake ubaoni kwamba kabla ya uhuru ni sawa na baada ya uhuru. Kambi zikawaka. Serikali ya Lumumba ikapandisha kila mtu cheo kimoja, na mwandishi-mhasibu wa zamani wa jeshi hilo, Mobutu, akawa kanali. Nchi iliyokosa shule ya kadeti ililazimika kutengeneza maofisa kwa wiki moja.

Kisha likaja neno jeunesse. Kwa Kifaransa ni ujana tu. Lakini mwaka 1964, katika maasi ya Mulele kule Kwilu na ya Simba huku mashariki, "ma-jeunesse" walikuwa vijana waliopakwa dawa, wakaambiwa risasi itageuka maji. Uvira ilianguka mwezi wa tano, Bukavu ikashambuliwa mwezi wa nane lakini haikushikwa. Wazee waliokuwa watoto wakati huo bado wanalitamka neno hilo kwa sauti ya chini, na kijana anayewaambia "mimi ni wa jeunesse ya parokia" hajui kwa nini bibi ameshtuka.

JMPR, na kwa nini Xaveri ilinyamazishwa

Chini ya Mobutu ilikuja aina ya tatu, isiyo kadeti wala kadogo. MPR ilizaliwa 1967 ikawa chama pekee, na tawi lake la vijana, JMPR, likawa na wanachama kwa nguvu ya kuzaliwa: ukiwa kijana na ukiwa Mzaire, wewe ni wake. Ndani yake kulikuwa na CADER, kikosi cha wanaharakati wa kulinda mapinduzi, chenye sare, mwendo wa kijeshi na ruhusa ya kumuuliza mtu mzima kwa nini hakufika salongo, kazi ya lazima ya pamoja. Bunduki kwa kawaida hazikuwepo. Zilikuwepo filimbi na orodha ya majina, na hiyo orodha ilitisha vya kutosha.

Hapa maswali mawili yanajibiwa vizuri na mawili vibaya. Silaha hakuna. Kurudi nyumbani, jioni utarudi. Lakini amri inatoka kwa chama, na umri hauna maana yoyote. Wanafunzi wa Lovanium walionja hilo kwa ukali: mwezi wa sita 1971, baada ya maandamano, waliandikishwa jeshini kwa nguvu wakiwa wanafunzi wa chuo kikuu. Walivikwa sare kama adhabu.

Mwaka 1972 serikali ilivunja vyama vya vijana vya makanisa ili JMPR ibaki peke yake. Kwa Bukavu hilo lilikuwa kidonda cha pekee, maana Xaveri ni mtoto wa mji huu. Ilianzishwa hapa hapa 1952 na Padri Georges Defour wa Mapadri Weupe, ikaenea nchi nyingi za Afrika. Kwa hiyo yule anayeona kitambaa na ngoma pale Nyawera akafikiri jeshi, anaona kitu ambacho serikali yenyewe ilikiogopa kwa sababu hakikuwa chake.

Buti za mpira

Mwezi wa kumi 1996 AFDL, muungano wa waasi wa Laurent-Désiré Kabila, ilitangazwa Lemera, kule juu ya bonde la Ruzizi. Bukavu ilianguka mwisho wa mwezi huo, Goma siku chache baadaye. Tarehe 17 mwezi wa tano 1997 watoto wa Kivu walikuwa wanaingia Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka nyumbani kwa mstari ulionyooka, na njia haikuwa imenyooka. Watu wa Kinshasa wanakumbuka mambo mawili: buti za mpira, zile za kuendea shamba la mihogo wakati wa mvua, na Kiswahili. Lingala ilikuwa lugha ya jeshi tangu mkoloni. Ghafla aliyeshika bunduki kwenye njia panda hakuielewa, na mtu wa Kinshasa alilazimika kujifunza kusema "samahani afande" kwa mtoto anayelingana na mwanawe wa mwisho.

Kwa nini watoto? Wengi hujibu: kwa sababu hawaogopi. Jibu hilo ni nusu. Sababu nyingine ni za hesabu kabisa. Mtoto anakula kidogo na haulizi mshahara. Hana mke wa kurudia. Bunduki aina ya AK, ikiwa na risasi zake, ina uzito wa kilo nne hivi, na mtoto wa miaka 11 anaibeba. Anapita kizuizi akiwa na kibuyu cha maji bila kushukiwa, kwa hiyo ni mpelelezi mzuri. Na akishatenganishwa na mama yake, kamanda anakuwa baba. Utii wa mtoto aliyepoteza nyumba ni utii ambao hata hela hazinunui. Wengine hawakutekwa. Mwalimu alikuwa halipwi, shule imefungwa, kaka ameshaenda, na lori limesimama sokoni likiwaita.

Mzee Laurent-Désiré Kabila aliwaweka hao hao wamlinde. Tarehe 16 mwezi wa kwanza 2001 mmoja wao, aliyekuwa ameshakua, ndiye aliyempiga risasi.

Wakati huo sheria ilikuwa imeanza kusogea. Amri ya tarehe 9 mwezi wa sita 2000 ilitaka watoto watolewe jeshini. Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inasema mtoto ni kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Kifungu cha 190 ndicho ningependa kila mzazi akijue: kuunda vikosi vya kijeshi au vinavyofanana na jeshi, kuwa na wanamgambo wa binafsi, au kutunza vijana wenye silaha, ni uhaini mkuu. Kisha sheria namba 09/001 ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009, sheria ya kulinda mtoto, ikafunga mlango: kuandikisha au kutumia mtoto katika jeshi, polisi au kundi lolote lenye silaha ni kifungo cha miaka 10 hadi 20.

Soma tena neno "kutumia". Wengi wanafikiri mtoto aliyepika, aliyebeba maji, aliyetumwa kuangalia barabara, au msichana aliyeitwa "bibi ya kamanda", si mtoto askari kwa sababu hakupiga risasi. Kanuni zilizokubaliwa Paris mwezi wa pili 2007 zinawataja wote hao mmoja mmoja: mpishi, mbebaji, mjumbe, mpelelezi, na aliyechukuliwa kwa ajili ya ngono. Wote ni watoto waliohusishwa na kundi lenye silaha, wote wana haki ya kutoka.

Na wale wanaosema "alikubali mwenyewe"? Kukubali kwa mtoto hakuhesabiwi. Thomas Lubanga, mtu wa kwanza kuhukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, alipata miaka 14 mwaka 2012 kwa watoto wa chini ya miaka 15 walioandikishwa Ituri, na haikumsaidia kwamba baadhi walijileta. Mahakama hiyo inatumia miaka 15. Sheria ya Kongo inatumia 18. Ndiyo maana kamanda anaweza kuwa hana kesi The Hague na akawa na miaka 20 ya kifungo hapa hapa nyumbani.

Service national, jeshi la akiba, wazalendo

Hizi tatu huchanganywa kila siku, tuzipitie haraka.

Service national iliundwa na Kabila mwaka 1997. Makao yake yanayojulikana ni Kanyama Kasese, Haut-Lomami, na siku hizi jina hilo limekuwa la kutishia vijana wa mtaani, kwa kuwa kuluna, magenge ya vijana wa Kinshasa, wamepelekwa huko kwa makundi. Wanavaa sare, wanaamka kijeshi, wanalima mahindi, wanajifunza ujenzi na ushonaji. Anayeendesha ni jenerali. Kazi yake imeandikwa kuwa elimu na maendeleo, si vita, na aliyemaliza huitwa mjenzi. Si jeshi, basi. Lakini swali la nne, la kurudi nyumbani, ndilo linalobaki gumu kwa kijana aliyepelekwa bila kupenda.

Jeshi la akiba ni jambo jingine. Tarehe 3 mwezi wa kumi na moja 2022 Rais Tshisekedi aliwaita vijana waingie jeshini na waunde vikundi vya kulinda mitaa. Mwaka uliofuata sheria ikaanzisha réserve. Mtu wa akiba ni mtu mzima. Mzalendo, neno zuri la Kiswahili, limekuwa jina la makundi mengi yasiyofanana, mengine ya zamani sana yaliyobadilisha tu ubao mlangoni. Goma ilipochukuliwa na waasi wa M23 mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, maswali hayakubadilika. Sheria ya mtoto haiulizi bendera. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kwa yeyote: jeshi la taifa, waasi, wazalendo, walinzi wa kijiji.

Umri unavyopotea

Hapa ndipo mambo huharibika mara nyingi zaidi, kwa sababu sheria nzima imesimama juu ya namba moja na namba hiyo haiko kwenye karatasi. Kuandikisha mtoto ni bure ndani ya siku 90 tangu azaliwe. Zikipita, lazima upite mahakamani kupata hukumu inayoshika nafasi ya cheti, na hapo kuna safari, mashahidi na gharama. Wengi wanaacha. Miaka 15 baadaye kijana anapata kadi ya mchaguzi, ambayo kwetu ndiyo inayotumika kama kitambulisho, na ili aipate amejiongezea miaka. Kadi inasema 19. Kamanda anaishika: tazama, ni mtu mzima.

Mtu anayejua kazi ya kuthibitisha umri haanzi na kadi. Kwanza anamtoa kamanda chumbani. Mtoto hatasema ukweli mbele yake. Halafu haulizi "una miaka mingapi?" maana jibu limeshafundishwa. Anauliza ya pembeni. Wakati volkano ya Nyiragongo ililipuka mwezi wa tano 2021 na watu wa Goma wakakimbilia Minova na Bukavu, ulikuwa darasa la ngapi? Mwalimu wako aliitwa nani? Uliwahi kurudia darasa? Nani anakufuata kuzaliwa, na yeye yuko darasa la ngapi? Mtoto wa kwetu huanza la kwanza akiwa na miaka 6. Aliyekuwa la nne wakati wa volkano, bila kurudia, alikuwa na miaka 9 au 10. Miaka minne baadaye ana 13 au 14, kadi iseme itakavyo. Akisema alirudia mara mbili, unaongeza miwili. Majibu matatu yakikutana karibu na mwaka mmoja, huo ndio mwaka. Yakitawanyika, anahesabiwa mtoto, kwa sababu kosa la kumrudisha mtu mzima nyumbani ni dogo kuliko kosa la kumwacha mtoto msituni.

Mwili unadanganya. Mtoto aliyekula vibaya anaonekana wa 12 akiwa na 16. Aliyebeba mizigo tangu utotoni ana mabega ya mtu mzima. Hata picha ya mifupa ya kiganja inaweza kukosea kwa miaka miwili, na miaka miwili ndiyo tofauti yote. Katika kesi ya Lubanga majaji walikataa kutegemea ushahidi wa vijana walioletwa kama kadogo wa zamani, kwa kuhofia kwamba waliowatafuta waliwafundisha la kusema. Kati ya vilivyobaki na uzito ni picha za video, ikiwemo ya kambi ya Rwampara ya mwezi wa pili 2003, ambamo majaji waliona watoto ambao wazi walikuwa chini ya miaka 15.

Kutoka

Uvumi mbaya kuliko wote ni kwamba mtoto hatolewi mpaka alete bunduki. Kwa mtu mzima programu za kunyang'anya silaha zilidai silaha. Kwa mtoto, hapana. Uvumi huo umewafungia nje wasichana wengi, maana hawakupewa bunduki, na kamanda aliwaficha nyuma ya neno "bibi yangu".

Mtoto akishatenganishwa na kikosi na umri wake ukakubaliwa, anaandikiwa hati ya kutoka. Karatasi hiyo ni ngao yake: bila hiyo, kizuizi cha kwanza kitamwita mtoro au adui. Isikae mfukoni mwa suruali ikaloana. Nakala ibaki kwa mlezi. Kisha anaingia kituo cha mpito au familia ya kumpokea, ambako anakaa kwa wiki au miezi michache wakati Msalaba Mwekundu na wengine wanatafuta ndugu. Familia ya kumpokea kwa kawaida ni bora kuliko kituo, kwa sababu kule anarudi kuchota maji, kugombana na watoto wengine na kuitwa kwa jina lake, mambo ambayo bweni halifundishi.

Kurudi kijijini ndiko kunakoshinda watu. Jirani anakumbuka mbuzi aliyeibiwa na kikosi kile. Ndiyo maana mpatanishi hutangulia kabla ya mtoto, akaongea na chifu, na baba, na mwenye mbuzi. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, lakini kijana wa miaka 15 hataki kukaa la tatu na watoto wa 8, kwa hiyo anahitaji darasa la kufidia miaka. Wengine hupewa ufundi. Hapo kuna kosa linalorudiwa mno: vijana 20 wa kijiji kimoja wote wanapewa cherehani. Kijiji hakina nguo za kushonwa na watu 20. Baada ya miezi mitatu cherehani ziko sokoni, na lori la kamanda mwingine linapita. Afadhali mmoja ashone, mmoja atengeneze pikipiki, mmoja afuge nguruwe, na wa nne apewe mbegu na uzio.

Kwa mzazi ambaye mtoto wake bado yuko nyumbani, kazi ni ndogo zaidi na inafanyika sasa. Tafuta cheti cha kuzaliwa. Kama hakipo, bulletini za shule zote tangu la kwanza, maana zinaonyesha mwaka na darasa, na karatasi zilizoandikwa miaka sita tofauti na walimu sita ni vigumu kuzipinga. Kama nyumba iliungua nazo, rejista ya shule inaweza kuwa bado kwa mkuu wa shule. Na kama alibatizwa, kitabu cha ubatizo kina tarehe ya kuzaliwa. Kadi ya ubatizo ikipotea, kitabu kinabaki parokiani, na padri anaweza kuandika nakala nyingine ukimkumbusha mwaka na majina ya wazazi wa ubatizo.